Fungu la Mzee wa Olgii

Farasi wetu wa baridi alifika akiwa hai, lakini alikuwa ameshaliwa nusu kwa mdomo. Alisimama uani, mnene, mvuke ukimtoka puani, na mume wangu alikuwa ameshaalika watu kumi na saba.

"Kumi na saba tu," alisema Yerbolat. "Nimejizuia sana."

"Ungejiachia ungefika wangapi?"

"Mama Aisulu, usinianze. Mtu akichinja bila kuita wenzake, hiyo si nyama, ni siri."

Ndivyo tulivyo hapa Kokbulak. Novemba theluji ikishika, kila nyumba huchinja farasi au ng'ombe wa kuwavusha hadi Aprili, na kila aliyechinja huwaita wengine waje kuonja. Kuonja maana yake ni kula hadi mshipi ulegezwe. Ukiitwa, nawe uite. Tukimaliza kwa Tolegen tunakwenda kwa mwalimu wa hesabu, kutoka hapo kwa fundi wa treni, kutoka hapo kwetu. Wiki sita mtaa mzima unazunguka ukijila wenyewe. Ikifika Februari, nyumba zote zinachemsha mfupa ule ule mara ya tatu, na watu wanakutana kisimani wakisifu: "Mwaka huu tulikula vizuri!" Kweli. Tulikula vizuri mwaka jana.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, nina stashahada ya upishi kutoka chuo cha Karaganda, na kazi yangu ni kuhakikisha sufuria moja inawatosha watoto mia mbili. Najua paja la farasi linakaa siku ngapi. Sisi ni wanne: mimi, Yerbolat anayeendesha basi la shule, mama yake, na binti yetu Aisulu wa miaka sita. Farasi tulimnunua nusu kwa nusu na jirani zetu Gauhar na Tolegen, kwa kuwa mzima asingeingia kwenye mishahara yetu hata kwa kumsukuma. Nusu farasi, watu wanne, miezi mitano na nusu. Inawezekana, kama hakuna anayeonja.

Na mwaka huo ilikuwa lazima iwezekane. Majira ya baridi yaliyopita nyama yetu iliisha tarehe tisa Februari. Tarehe kumi na tano Aisulu alianza kukohoa, na alikohoa hadi theluji ilipoyeyuka. Daktari alimsikiliza kifua akasema: mchuzi wenye mafuta, nyama, chumba chenye joto. Dawa hakuandika, ndipo nikajua anasema kweli.

Chumba chenye joto nilikishughulikia mwenyewe. Makaa ya mawe tuliyoweza kununua yalikuwa tani nne, na nyumba yetu hula sita. Sasa jiko huwezi kulibembeleza lile kidogo. Unaipunguza nyumba. Nilifunga vyumba viwili, nikaziba nyufa za milango kwa mablanketi makuukuu, nikahamishia vitanda vyote chumba cha jiko. Madirisha nilijaza pamba kwenye nyufa na juu yake nikabandika mikanda ya gazeti kwa uji wa unga. Kizingiti nikakipigilia ngozi ya kondoo.

Gauhar alikuja kuangalia. Huyu ni mwanamke mwema ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuikagua.

"Heee! Umefunga mpaka chumba cha wageni?"

"Nimekifunga."

"Sasa wageni wakija, dada?"

"Watakaa hapa na sisi, wanuse soksi."

"Na lile zulia zuri? Na kabati la vyombo?"

"Vinagandia humo humo. Havina mapafu."

Aliondoka akitikisa kichwa. Kwake chumba cha wageni kilipashwa moto mchana kutwa kwa ajili ya kabati la vyombo, naye na mumewe wakilala jikoni wamevaa makoti.

Siku ya kuchinja tuligawana farasi uani, nusu yao, nusu yetu. Mama mkwe alisimama juu ya nyama kama hakimu. Yerbolat alikuwa ameshika kidari, anakipimia rafiki zake wa gereji, mama yake alipompiga kofi mkononi.

"Acha hicho! Hilo ni fungu la mume wa Kanipa."

Kanipa ni wifi yangu, dada mkubwa wa Yerbolat, anaishi Aktobe, safari ya treni ya siku mbili. Na kwetu kidari ni cha mkwe. Ukimwekea mtu fungu lake katika nyama ya baridi, limewekwa. Litaning'inia bandani hata hadi masika likimsubiri, na mwingine akilila amekula heshima ya mtu. Yerbolat, ambaye haogopi polisi wala barafu barabarani, alikirudisha kile kidari polepole kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Nilimtazama, nikakitazama kidari. Kisha nikaingia ndani kutafuta daftari la Aisulu, kamba, na kalamu ya zambarau.

Niliporudi nilianza kuandika. Mbavu za kwanza: *Kanipa, Aktobe*. Shingo na mafuta yake: *Dauletkhan*. Huyu ni binamu wa Yerbolat, mchimba mafuta upande wa Bahari ya Kaspi, mtu ambaye harusini kwake mwenyewe alichelewa kwa sababu ya zamu. Halafu paja zima la nyuma, nyonga, na soseji mbili ndefu za mbavu, zile nono za kumfanya mtu asahau jina lake: *Mzee Kabdolla, Olgii*.

Mzee Kabdolla ni mdogo wa marehemu baba mkwe. Anaishi Olgii, Mongolia, ng'ambo ya milima, umri themanini na moja, na mara ya mwisho kuja kwetu Yerbolat alikuwa darasa la pili. Kama kungekuwa na kufuli la chuma lenye umri na heshima zaidi ya hizo, ningelinunua.

Mama mkwe alisoma, akashika shavu. "We mwanamke! Umemtaja mkweo kwa jina?"

Kweli, mke hatamki jina la wakubwa wa upande wa mumewe.

"Sijamtaja, Mama. Nimemwandika."

Aliwaza. Kisha uso ukamlainika. "Paja zima," alisema. "Na nyonga. Kumbe unamkumbuka shemeji yangu hivi? Nami nilidhani una roho ya mizani."

Hakuwa amekosea.

Wale kumi na saba walikuja Jumapili. Niliwapikia maini, moyo, na tambi pana nyingi sana. Wakala, wakashukuru, halafu Tolegen akachungulia mlango wa banda.

"Shemeji Raushan, zile soseji mbona hazishuki?"

"Ni fungu la Mzee wa Olgii."

"Aaa." Akameza mate. "Na ule ubavu?"

"Wa wifi Kanipa."

"Aaa. Na ile shingo?"

"Ya Dauletkhan. Maskini, yuko kwenye mafuta huko, hajala kitu cha nyumbani."

Tolegen aliitazama nyama kama mtu anayetazama treni ikiondoka na mzigo wake. Lakini alisema nini? Alisema, "Nyumba yenye adabu hii." Na wote wakaitikia. Nilisifiwa jioni ile kuliko nilivyosifiwa siku ya harusi, na bandani hakikupungua kitu. Nilijiona nina akili. Mtu akijiona hivyo, aangalie nyuma yake kama hakuna mama mkwe mwenye simu.

Mama mkwe alikuwa na simu. Alikwenda bandani, akapiga picha zile karatasi za zambarau, akazituma kwenye kundi la ukoo, watu mia moja na kumi na wanne, na juu yake akaweka sauti yake ya dakika saba akilia kwa furaha. Nilijua siku tatu baadaye Kanipa aliponipigia.

"Wifi yangu," alisema, anavuta kamasi. "Sikujua unanipenda."

"Hata mimi," nilisema.

"Tumekata tiketi."

Walifika wiki ya pili ya Januari, nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri: Kanipa, mumewe, na wanao wawili wakubwa wenye mabega kama milango. Siku iliyofuata akaja Dauletkhan na mkewe. Aliomba ruhusa kazini, na bosi wake alipoonyeshwa picha ya shingo ile yenye jina, inasemekana alitokwa na machozi akampa siku kumi.

Hawakuja mikono mitupu, nisiwasingizie. Kanipa alileta taa ya kioo ya kuning'iniza, yenye vikombe kumi na viwili vya balbu, kwa nyumba inayowasha balbu moja. Dauletkhan alileta kilo nne za chokoleti na saa ya ukutani yenye umbo la mtambo wa mafuta. Makaa hakuna aliyeleta.

"Mbona chumba cha wageni kimefungwa?" Kanipa aliuliza.

"Jiko limechoka."

"Haifai, wifi. Yerbolat, uzibue mlango tukae kwa nafasi."

Yerbolat akauzibua. Mikanda yangu ya magazeti, mablanketi yangu, vyote chini. Jiko likala kwa siku tisa makaa ya wiki nne. Mafungu yao waliyamaliza siku mbili za kwanza, kwa haki kabisa, yalikuwa yao. Siku saba zilizobaki walikula yetu. Mtaa nao haukulala: kila jioni mtu alipita kuwasalimia wageni, akaketi, akaonja.

Tarehe ishirini na mbili niliwasindikiza stesheni. Kanipa alinikumbatia hadi mbavu zikalia. "Mwakani pia," alisema.

Nilirudi nikaingia bandani. Katika ndoano zote kulikuwa na vitu vitatu tu: paja, nyonga, na soseji mbili. Karatasi ya zambarau ilikuwa imeganda, herufi zikisomeka vizuri. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wa bango.

Tulikula viazi. Tulikula viazi na kitunguu, halafu viazi na kumbukumbu ya kitunguu. Tukala chokoleti. Tarehe ishirini na nane Aisulu alikohoa mara ya kwanza wakati anavaa viatu. Nilitega sikio. Akakohoa tena.

Nilichukua kisu na ubao, nikaelekea bandani. Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni mwa banda, mikono imefungwa kifuani.

"Unakwenda wapi na kisu?"

"Kukata nyama, Mama."

"Nyama ipi? Yetu imeisha."

"Mama, mtoto anakohoa."

"Nasikia. Ni mjukuu wangu, kikohozi chake nakijua kuliko wewe. Lakini hilo ni fungu la mzee. Uliliandika mwenyewe, mbele ya mtaa. Watu mia moja na kumi na wanne wameliona. Yeye mwenyewe ameliona! Leo tule fungu la mtu aliye hai kama vile tumeshamzika? Mkosi huo utamwangukia nani?"

Nilimgeukia Yerbolat. Alikuwa anakagua soksi yake.

"Baba Aisulu, sema kitu."

"Sasa mimi niseme nini? Kisheria ni la mzee."

"Sheria ipi? Iko kifungu gani?"

"Usinianze, Mama Aisulu."

Ndivyo nilivyofungiwa nje ya banda langu kwa kufuli nililolitengeneza mwenyewe. Ningeweza kumsukuma mama mkwe pembeni, hata hakuwa mzito. Lakini asingeionja nyama ile, wala asingemruhusu Aisulu, na mtoto anayekula huku bibi yake analia hafaidi mchuzi. Nilijaribu kwa Gauhar.

"Niazime mfupa, jirani."

"Mfupa?" Gauhar alicheka hadi akashika ukuta. "Raushan, sisi tunachemsha ndoano! Lakini wewe una paja zima!"

"Lina mwenyewe."

"Basi muombe mwenyewe," alisema, kwa mzaha tu, akarudi kwenye kabati lake la vyombo.

Mimi mzaha wa namna hiyo nauchukua kama ulivyo. Nilirudi nyumbani, nikaketi mezani mchana kweupe, Aisulu amefungwa shali karibu na jiko, Mama mkwe anafuma soksi, nikapiga simu Olgii. Nilifungua sauti ili wote wasikie.

Ikaita sana. Kisha sauti nyembamba kama uzi: "Nani?"

"Asalaam aleikum, Baba. Ni mkweo, Raushan."

"Raushan wa nani?"

"Wa Yerbolat."

"Aaa, mwenye paja! Ninayo picha yako hapa. Yaani ya paja."

Mama mkwe aliacha kufuma. "Shemeji, hujambo?" alipaza sauti. "Lipo salama! Hakuna aliyeligusa!"

"Nasikia, nasikia. Usipige kelele, mimi ni mzee, si Mchina asiyejua lugha yetu."

Nilivuta pumzi. "Baba, nina neno, na halina adabu. Mtoto wangu anakohoa na nyumbani hakuna nyama isipokuwa yako. Na ukweli ni kwamba sikukuwekea kwa mapenzi. Niliandika jina lako kwa sababu huji. Nilitaka watu waiogope wasiile."

Mama mkwe alitoa mlio kama wa birika. Upande wa pili nikasikia kitu kinakwaruza, kinapanda na kushuka, nikadhani nimemliza mzee wa watu, au nimemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akaanza kukohoa, akakohoa sawasawa na Aisulu, na kuna mtu huko akampiga mgongoni.

"Mkwe," alisema alipopata pumzi, "unajua mafungu yangu yako mangapi mwaka huu?"

"Sijui, Baba."

"Kumi na mawili! Lako ndilo la kumi na mbili. Nusu ya ukoo wamefunga mabanda yao kwa jina langu. Kuna mwanamke hapa, nyumba ya tatu, ameniwekea kichwa tangu mwaka juzi. Anapita dirishani ananiamkia, hajawahi kuniambia njoo. Na mimi sina jino hata moja! Mimi nakula uji!"

Mama mkwe alikuwa mwekundu kama kiazi sukari. "Shemeji, sisi tulikuwekea kwa moyo..."

"Wewe ndiyo, shemeji. Mkweo hapana, naye ni wa kwanza kuniambia. Huyo ninayemsikia akikohoa, ndiye?"

"Ndiye. Aisulu."

"Mlete."

Nilimsogeza Aisulu kwenye simu.

"Wewe Aisulu, una meno?"

Aisulu akahesabu kwa ulimi. "Mawili yameng'oka, Babu. Mengine yapo."

"Umenizidi. Basi fungu langu nimekupa wewe. Lote, paja na kila kilichoning'inia nalo. Mama yako alifute jina langu aandike lako. Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mama mkwe kwa sauti ndogo.

"Mwenye fungu ndiye anayegawa. Asilitie mkono mtu bila ruhusa ya huyo mtoto. Na mnitumie picha akila, ile ya paja nimeichoka."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimeshashika kisu.

Sufuria lilipoanza kutoa harufu, Mama mkwe alikaa nalo karibu, akipepesa macho. Nilijua kuna kitu kinampanda. Kikatoka.

"Sasa maadamu limefunguliwa," alisema, "si vizuri kula fungu la mzee peke yetu. Tungemwita hata Gauhar na Tolegen. Waonje."

Yerbolat akainua kichwa kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Na vijana wa gereji, wawili tu."

Sikugombana na mtu. "Mwenye fungu yule pale," nilisema. "Muombeni."

Walitazamana. Halafu mama mtu mzima wa miaka sabini na moja alimgeukia mtoto wa miaka sita, akasafisha koo.

"Aisulu, roho ya bibi. Mama Gauhar aje aonje nyama yako?"

Aisulu alifikiri, kijiko mdomoni. Mchuzi ulikuwa umemtia jasho juu ya mdomo.

"Atakuja na makaa?" aliuliza.

Gauhar alikuja na makaa, ndoo mbili, amekunja uso lakini amekuja. Tolegen alileta ya tatu bila kuambiwa, akauliza kwa heshima kama inatosha kipande cha soseji. Aisulu alimpa kipande, si kikubwa. Vijana wa gereji walipoambiwa masharti walikumbuka wana kazi. Chumba cha wageni nilikiziba upya siku ile ile, taa ya vikombe kumi na viwili ikiwa ndani, pamoja na saa.

Kwa paja lile, nyonga na zile soseji, tulifika Machi tarehe ishirini na sita. Mtoto alikohoa siku kumi na moja, akaacha.

Novemba iliyofuata nilipita mtaani kwenda shuleni, na milango ya mabanda ilikuwa wazi, watu wanatundika. Kwa mwalimu wa hesabu niliona karatasi, kwa fundi wa treni karatasi. Kwa Gauhar niliona sita, kwa wino mwekundu, mwandiko wa bango, moja ikitaja Mongolia.

"Sikujua una babu Mongolia," nilimwambia.

"Ni wa upande wa mama," alisema Gauhar bila kupepesa jicho. "Miaka tisini na nne. Haji."